Wasami walishinda kesi, mitambo bado iko palepale

Mhariri,

Kila nikiingia mtandaoni nakuta watu wakibishana kuhusu Wasami, ati hao si ni wazungu tu, mzungu atakuwaje jamii asilia na yeye ndiye alizunguka dunia akichukua mashamba ya wengine. Naomba nafasi nijibu hilo halafu niseme linalonikera zaidi, maana linatugusa sisi wa kaskazini mwa Kenya kuliko watu wanavyodhani.

Wasami wako kaskazini kabisa ya Ulaya, yaani Norwei, Uswidi, Ufini na kipande cha Urusi, na walikuwa huko kabla hiyo mipaka haijachorwa. Ngozi nyeupe haikuwasaidia kitu. Kwa miaka mia na zaidi Norwei ilikuwa na sera ya kuwageuza wawe Wanorwei, watoto wanapelekwa shule za bweni ambako lugha ya kwao haitakiwi, na mwaka 1902 ikatoka sheria kwamba ukitaka kununua ardhi ya serikali kule Finnmark lazima ujue kuongea, kusoma na kuandika Kinorwei. Mtu anaambiwa ardhi ya babu yake atauziwa, ila kwanza aache kuwa mjukuu wa babu yake. Wengi wakaficha asili yao, wakabadilisha majina, na hadi leo kuna watu wanakuja kujua wao ni Wasami wakiwa tayari watu wazima. Mfalme Harald aliomba radhi mwaka 1997, bunge nalo likaomba radhi Novemba 2024 baada ya ripoti ya tume ya ukweli. Radhi huko hazijakosekana.

Sasa njooni Fosen, rasi iliyo karibu na mji wa Trondheim, ambako kuna familia za Wasami wanaofuga rendia, yule mnyama anayefanana na paa, mwenye pembe kama matawi. Wakati wa baridi rendia anafukua theluji kwa kwato atafute chakula chini yake, na mvua ikinyesha juu ya theluji halafu baridi ikaja ghafla panakuwa na tabaka la barafu gumu hawezi kulivunja, kwa hiyo mfugaji anawapeleka juu kwenye matuta ambako upepo umepeperusha theluji. Ndiyo akiba yake ya mwaka mbaya. Na upepo huohuo ndio ulioleta watu wa mitambo ya stima ya upepo.

Leseni za kujenga mitambo zikatolewa mwaka 2010, wafugaji wakapinga, wakaenda kortini. Desemba 2018 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi wa rangi iliiomba Norwei isimamishe kwanza ujenzi wa sehemu moja, Storheia, serikali ikakataa. Kesi inaendelea na mitambo inapanda, hadi ikafika 151 pale Storheia na sehemu nyingine, Roan. Mahakama ya rufaa ikasema basi wapewe fidia, karibu krona (pesa ya Norwei) milioni 90, walishe wanyama ndani ya ua wakati wa baridi. Mtu yeyote aliyelelewa na mifugo atacheka. Ng'ombe ukimfungia ukamletea nyasi mwaka nenda mwaka rudi huyo ni wa zero grazing, na wewe sio mchungaji tena.

Tarehe 11 Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norwei, majaji 11 wote kwa sauti moja, wakasema leseni hizo ni batili kwa sababu zinavunja haki ya Wasami ya kuishi utamaduni wao, na ile hesabu ya kulisha ndani ya ua wakaitupa. Ushindi mkubwa. Halafu? Halafu hakuna kitu, mitambo ikaendelea kuzunguka na stima ikaendelea kuuzwa. Siku 500 zikapita ndipo vijana wa Kisami, Februari 2023, wakaenda kukaa chini ndani ya wizara ya mafuta na nishati pale Oslo, wamevaa mavazi yao ya asili yakiwa yamegeuzwa ndani nje kama ishara ya kupinga, polisi wakawabeba mmoja mmoja. Hata Greta Thunberg alibebwa, na yeye ni mtu wa mazingira, sio mpinzani wa upepo. Waziri wa nishati akaomba radhi (tena!) na mwishowe wafugaji na wenye mradi wakakubaliana, kundi la kusini mwa Fosen Desemba 2023 na la kaskazini Machi 2024. Kusini wanapata krona milioni 7 kila mwaka kwa miaka 25, malisho mengine ya baridi, na mradi hauwezi kuongezewa muda wao wasipokubali. Sio haba, lakini mitambo haijang'olewa hata mmoja.

Hapa ndipo nataka Wakenya wasikilize. Mwezi huohuo wa Oktoba 2021 korti ya ardhi pale Meru ilisema hati za ekari 150,000 za mradi wa stima ya upepo wa Ziwa Turkana kule Marsabit zilipatikana kinyume cha sheria, ikatoa mwaka mmoja utaratibu ufuatwe. Mitambo 365 ilishasimama zamani. Kesi ilipelekwa mwaka 2014, mitambo ikamea kesi ikiendelea, sawasawa na Fosen. Na kampuni iliyotengeneza mitambo ni moja, Vestas ya Denmaki, na mfuko wa serikali ya Norwei, Norfund, ulikuwa miongoni mwa waliowekeza pale Turkana. Kwa hiyo mfugaji wa Fosen na Mrendille wa Laisamis, hukohuko Marsabit, wamekutana na watu walewale bila wao wenyewe kujuana.

Waogiek, jamii asilia ya msitu wa Mau, nao waliishinda serikali yetu katika Mahakama ya Afrika kule Arusha mwaka 2017, mwaka 2022 ikaamriwa walipwe, na Novemba 2023 wakawa wanavunjiwa nyumba Mau.

Mimi sipingi stima ya upepo, hata simu ninayoandikia hii barua inachajiwa na stima. Ninachopinga ni huu mtindo wa kujenga kwanza kesi baadaye, halafu jaji akishasema ukweli tunaambiwa haiwezekani kung'oa kwa sababu pesa nyingi zimeshaingia. Korti ipewe nguvu ya kusimamisha kazi mapema na iwe inaitumia, hata kama mwekezaji analia hasara. Na nyinyi gazeti mtume mwandishi Laisamis awaulize wazee kama tangu hukumu ya Meru kuna mtu amewahi kuja kuwaketisha chini wajadiliane, kisha mchapishe majibu yao pamoja na ya kampuni na ya kaunti.

Msomaji wenu,
Isiolo