Mjomba, umeniuliza wameokoka wangapi: barua ya wazi kutoka Kisumu

Shikamoo mjomba. Najua ungependa nikujibu kwenye simu, ila hili swali huulizi peke yako. Kamati ya kanisa iliyonituma huku kujitolea kwa vijana inaliuliza, mama mchungaji kanitumia meseji, na yule kaka wa kwaya aliyechangia nauli nae kaandika "vipi huko, mavuno?" kwa hiyo nimeona bora niandike hapa msome wote mara moja, na nyie mnaotamani kwenda kujitolea kwa vijana nje ya nchi msome pia kabla hamjapanda basi la kwenda mpakani Sirari.

Swali lenyewe ni kwamba mpaka sasa wameokoka wangapi.

Mjomba, sina namba. Na sio kwamba nimekaa tu nakula samaki (nakula kweli, ntafika huko). We unafikiri Kisumu ni wapi? Wamisionari wa Kikweka (dhehebu la Quakers) walifika Kaimosi 1902, huko milimani upande wa Vihiga, yani mwaka mmoja tu baada ya reli kufika hapa ziwani. Pale Maseno, ambapo matatu inakatiza mstari wa ikweta, Waanglikana walianzisha shule 1906, na humo ndo walisoma kina Oginga Odinga na baba yake Obama. Halafu 1942 mzee Daudi Zakayo Kivuli akaanzisha kanisa lake, African Israel Nineveh, la Waafrika wenyewe, na mpaka leo Jumapili unawakuta barabarani na ngoma na bendera, kanzu nyeupe na vilemba, wanaimba huku wanatembea mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Legio Maria, wale waliojitenga na Wakatoliki, ndo usiseme. Asubuhi ya Jumapili ukisimama Kondele, mtaa wa hapa mjini, spika za makanisa zinagombana hewani, hujui umsikilize mchungaji yupi. Sasa mi binti wa Mwanza nashuka na begi langu, naleta injili kwa nani? Injili imefika huku babu yetu hajazaliwa!

Vijana ninaokaa nao mtaa wa Nyalenda wamekulia Sande skuli. Kuna dogo mmoja akianza kukunukuu Warumi utadhani kasomea uchungaji, na jioni huyo huyo yuko kwenye simu anabeti, hela ya kibarua cha siku nzima imeisha kabla hajafika nyumbani. Ukimuita mbele atoke aokoke atakuja, mjomba, huyu keshatoka mbele kila mkutano wa hadhara uliopita mtaani kwao! Nikitaka namba nakuandikia sasahivi, tukiita watu Jumamosi mkono unanyooshwa na ukumbi mzima, na mwezi ujao akija mhubiri mwingine wananyoosha hao hao.

Kwa hiyo mi nafanya nini? Kwakweli kazi yenyewe ukiiangalia kwa mbali haionekani kama huduma. Jumamosi ni mpira, kiwanja cha vumbi, na mvua ikiwa imenyesha ni kiwanja cha tope, na huku mvua inakuja alasiri na radi za kutisha halafu baada ya saa moja jua kali kama hakuna kilichotokea. Wanacheza, mi na dada mwingine wa hapa kanisani tunapika chai na mandazi, wakimaliza tunakaa chini tunafungua Biblia kidogo. Kidogo kweli. Muda mwingi unaenda kwenye ubishi. Wengi ni mashabiki wa timu ya Gor Mahia damu, na ukiwachokoza wanakurudisha 1987 walipobeba Kombe la Washindi Afrika, wakati baba zao ndo walikuwa vijana, halafu wananiuliza mi Simba au Yanga. Sikujibu, nikaona nitagawa kundi.

Ila kwenye ubishi huo huo ndo yanatoka maswali. Tangu yale maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Muswada wa Fedha, vijana wa huku hawakai kimya kanisani, wanauliza mbona mwanasiasa akija na bahasha anapewa maiki na kiti cha mbele, wakati wao wakiomba ukumbi wa kufanyia mazoezi ya kwaya wanaambiwa wasubiri kamati. Mtu kama mi, mgeni, natakiwa kujibu nini? Najua mnavyopenda tuseme "tuombee viongozi" tupite. Nilichofanya tumesoma kitabu cha nabii Amosi, yule anaekemea wanaoonea maskini, tumeisoma yote, wiki baada ya wiki, na nikawaacha waongee. Kuna mzee wa kanisa hakupenda, akasema nawapa vijana kiburi. Mi naona kijana anaemuuliza Mungu swali kwa hasira bado anaongea nae, mwenye kutia wasiwasi ni yule anaekaa nyuma anasinzia na kusema amina.

Kitu ambacho hamkuniambia kabisa kwenye ile semina yenu ni matanga. Huku mazishi ni kazi mjomba, watu wanakesha siku kadhaa, Ijumaa mwili unatoka mochwari, usiku kucha ni nyimbo, Jumamosi wanazika kijijini kwao marehemu, na kwaya ya vijana lazima iende, tunabanana kwenye gari hadi Siaya au Seme huko. Mwanzoni niliona kama wikendi zinapotea, ratiba yangu yote ya mafundisho inaliwa na misiba. Sahivi naona huduma ikiwepo mahali popote basi ni pale, maana usiku wa matanga kuna sehemu mbili, ya mbele wanaomba na kuimba, ya nyuma kuna disko matanga, muziki wa nguvu gizani na pombe, machifu wanapiga marufuku lakini zinapigwa tu, na mabinti wadogo wanapata mimba huko, kila mtu anajua. Kazi yetu sisi madada ni kukaa na hao mabinti upande wenye taa. Tunasuka nywele, tunapiga stori, tunakunywa chai mpaka kunakucha. Hilo nalo nikuandikie namba gani kwenye ripoti?

Maisha mengine ni mazuri, mwambie mama asiwaze. Mama ninaekaa kwake ananiita Nyar Tanzania, yani binti wa Tanzania kwa Kiluo, na jina limeshika hadi wauza mboga wa soko la Kibuye wananiita hivo, wakishajua wananiongezea nyanya. Ugali wake mgumu sana, unaweza kujengea, ila kwa omena (dagaa wetu) na mboga za kienyeji unashuka wenyewe. Chai ni maziwa matupu. Samaki ni wale wale wetu, sangara na sato, ziwa ni lile lile moja, sema bei ya hapa inauma na siku nyingine magugu maji yanafunga ufukwe wa Dunga boti hata hazitoki. Kinachonikumba jioni ni kwamba nikiangalia maji najua upande wa kusini huko mko nyie mnakula. Na lugha sio shida, Waluo si tunao wenyewe Rorya, ila hawa vijana wakianza Sheng yao na Kiluo pamoja mi nacheka tu wakicheka.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Umesema kamati imepata fungu na mnataka kutuma maboksi ya Biblia. Mjomba naomba kwa heshima zote, msitume. Biblia zipo, za Kiswahili, za Kiluo, za Kiluhya, wengine wanazo kwenye simu. Kuna binti kwenye kundi letu alimaliza fomu foo, kafaulu vizuri, anataka kusomea umeme chuo cha ufundi, lakini cheti chake kimebaki shuleni kwa sababu ya deni la karo. Wizara imeshasema zaidi ya mara moja vyeti visishikiliwe, ila yeye na mama yake wameenda wamerudi mikono mitupu, na mama anauza omena kwa visado, deni lile halilipiki kwa visado. Tumeshachanga hapa kwenye kundi, wale wale wa kubeti wametoa, na tumefika karibu nusu.

Hela ya maboksi pamoja na usafiri wake mpaka mpakani inamaliza hiyo iliyobaki. Tumeni M-Pesa, inavuka mpaka siku hizi, mi ntaenda na mama yake shuleni na risiti ntaipiga picha niitume kwenye grupu la kamati, na kama mnataka jina la binti ntalitaja kwa simu, sio hapa. Ila fanyeni kabla ya mwisho wa mwezi maana chuo kinafunga usajili.

Msalimie anti na watoto. Jumamosi tuna matanga tena, simu itakuwa haina chaji, nipigieni Jumapili baada ya ibada ya pili.