Risala ya Kikundi cha Ngoma cha Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, assalaam aleikum.

Tunakushukuru kwa kuitika wito wetu. Ngoma ya msewe iliyokupokea langoni asili yake ni Pemba. Ule mchakacho uliousikia ulitoka miguuni mwa vijana wetu, kwenye vifuko vya ukindu vilivyotiwa mbegu. Tumevisuka wenyewe. Vya mwanzo vilifumuka katikati ya mazoezi, mbegu zikatapakaa uwanjani. Mzee wetu anayetufundisha hakugomba. Alikaa mkekani, akatuanzisha upya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, punde utaona kidumbak, muziki wa harusini unaochota nyimbo za taarab. Taarab ya Unguja ililelewa kasrini. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri mtu aitwaye Mohammed Ibrahim akajifunze muziki, aje kumtumbuiza. Zilikuwa nyimbo za Kiarabu, za kukaa na kusikiliza. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaimba kwa Kiswahili hadi akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Kidumbak nacho huzichukua nyimbo za taarab, kikazichangamsha, na harusini hakuna anayebaki kitini. Besi yake ni sanduku la chai, fimbo na uzi mmoja tu. Anayelipiga huivuta ile fimbo kukaza uzi, na sauti ikapanda. Mwenzetu wa darasa la sita alijifunza hivyo kwa wiki tatu, vidole vikavimba, hakuacha.

Wapo wazazi wanaoona ngoma ni uhuni. Tunawaheshimu, na leo tumewaalika waje wajionee. Nyimbo hizi zina mafumbo ambayo hatuyapati kwenye kitabu chochote cha darasani. Tunaelezwa na wazee, ubeti baada ya ubeti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, fidla utakayoisikia ni ya kuazima na itarudi kwa mwenyewe kesho asubuhi. Ngozi ya ngoma moja ya kidumbak imechanika. Mzee wetu huja kwa daladala mara mbili kwa wiki, nauli anatoa mfukoni mwake, na umri umekwenda. Tunaomba fidla moja, ngozi za kuwambia ngoma na posho ya mzee wetu, tena hiyo posho ndiyo tunayoiomba mwanzo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.