Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wachangia Damu Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Kwa niaba ya Klabu ya Baiolojia, tunakukaribisha shuleni kwetu hapa Kigoma na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Mheshimiwa, siku kama ya leo, Juni 14, mwaka 1868, alizaliwa Karl Landsteiner. Akiwa Vienna, alichanganya seli nyekundu za mtu mmoja na majimaji ya damu ya mwingine, akaona nyingine zinashikamana mafungumafungu na nyingine zinabaki kama zilivyo. Mwaka 1901 alitangaza makundi ya damu. Kabla yake, kumwongezea mgonjwa damu kulikuwa kubahatisha uhai wake.

Antijeni za A na B, yaani alama ambazo kinga ya mwili huzitambua, ni sukari zilizo juu ya seli. Mwenye AB anazo zote mbili, mwenye O hana hata moja. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya ile usiokuwa nayo, tangu miezi ya mwanzo ya utoto, kabla mtoto hajaongezewa damu ya mtu yeyote, kwa sababu bakteria wa utumboni wana sukari zinazofanana nazo. Hili lilitushangaza sana darasani.

Tena, sukari hizi hazikuanza na binadamu. Sokwe mtu, ambao sisi wa Kigoma ni majirani zao kule Gombe na Mahale, wengi wao ni A na wachache O, B hawana. Gorila wana B. Orangutani wa Asia wana A, B na AB. Wanasayansi wamelinganisha jeni hizo na kuona kuwa tofauti ya A na B ina umri wa miaka milioni 20 au zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi wa kundi A anaweza kuwa na sukari ileile aliyonayo sokwe wa Gombe, na ndugu yake wa tumbo moja mwenye B asiwe nayo.

Mwaka 1940, Landsteiner na Alexander Wiener waliwadunga sungura damu ya tumbili wa Asia aitwaye resus. Kingamwili walizopata zilishikamanisha damu ya watu wapatao 85 katika kila 100 waliopimwa New York. Baadaye ilibainika kwamba zililenga antijeni nyingine, si ile inayopimwa leo kwa jina la Rh, nayo ikaitwa LW kwa heshima yao, lakini herufi Rh za tumbili yule zimebaki mpaka leo kwenye kadi za kliniki za mama zetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mama wa mwenzetu mmoja ana Rh hasi, yaani seli zake hazina antijeni ya Rh iitwayo D. Mtoto wa kwanza alizaliwa salama. Wawili waliofuata walifia tumboni, na mtaani wakasema amerogwa. Hakuna aliyemweleza kwamba damu ya mtoto mwenye Rh chanya ikiingia kwa mama wakati wa kujifungua, mwili wa mama huweza kutengeneza kingamwili, nazo hupita kondo la nyuma na kuvunja seli za mtoto anayefuata. Sindano ya anti-D, iliyoanza kutumika mwaka 1968, huzuia hayo ikitolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Mama ameturuhusu kulisema hili, naye yumo humu ukumbini.

Kwa hiyo tunaomba vitendanishi vya kupimia makundi ya damu, yaani anti-A, anti-B na anti-D, pamoja na friji ndogo ya kuvihifadhi, kwa kuwa sasa tunasoma somo hili kwa michoro ya ubaoni tu. Tunaomba pia mtaalamu wa maabara atutembelee kila muhula kusimamia upimaji. Na kwa moyo wote tunaomba kila mama mwenye Rh hasi katika wilaya yetu aelezwe habari ya anti-D tangu hudhurio lake la kwanza kliniki, na sindano hiyo apatiwe.

Wenzetu waliotimiza miaka 18, pamoja na walimu, wamekwishajipanga mbele ya hema la kuchangia damu. Wanakusubiri ufungue zoezi.

Tunaomba kuwasilisha.