Kipande cha aproni

Salma ndugu yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mtoto kapona homa na ameanza kula. Barua yako nimeisoma mara mbili. Bado unamtafuta Jack the Ripper, yule muuaji wa wanawake wa London mwaka 1888 ambaye hakujulikana, na safari hii umeniletea watuhumiwa watatu kwa mpigo: mjukuu wa Malkia Victoria, daktari wake, na Lewis Carroll, mwandishi wa hadithi za watoto. Salma, hapana.

Sir William Gull, huyo daktari, mwaka 1888 alikuwa na miaka 71, na mwaka uliotangulia alishapigwa na kiharusi. Mzee huyo ndiye aliyekuwa akizunguka vichochoro vya Whitechapel, mtaa wa maskini mashariki mwa London, usiku, anaua na kutoweka kabla askari wa doria hajarudi? Prince Albert Victor, huyo mjukuu, usiku ule walipouawa wanawake wawili, alikuwa Scotland. Na Carroll ushahidi wake wote ni herufi za vitabu vyake, zilizopanguliwa na kupangwa upya mpaka zikaungama. Kwa mtindo huo hata barua hii inaweza kuungama. Afadhali yule Thomas Neill Cream uliyemtaja mwanzo, maana yeye kweli aliua wanawake kwa sumu. Ila mwaka 1888 alikuwa amefungwa gereza la Joliet, Marekani, na hakutoka hadi 1891.

Mimi kinachonishika ni usiku wa kuamkia 30 Septemba. Nimechukua kalenda ya mwaka jana, nikachora ramani nyuma yake.

Saa 7 usiku Louis Diemschutz, mchuuzi wa mapambo ya bei rahisi, anaingia uani Berner Street na kigari chake. Farasi anashtuka, anavutia kushoto. Louis anapapasa chini kwa mpini wa kiboko, anagusa kitu. Anashuka, anawasha kiberiti. Upepo ni mkali, mwanga unatosha tu kuonyesha kwamba kuna mtu amelala pale. Ni Elizabeth Stride.

Saa hiyohiyo Catherine Eddowes anatolewa mahabusu katika kituo cha Bishopsgate, alikowekwa kwa ulevi. Walipomuuliza jina jioni ile, alijibu: "Hakuna." Saa 7:30 askari Watkins anapita Mitre Square, haoni kitu. Anarudi baada ya robo saa, anamkuta Catherine ameuawa.

Sasa sogea hapa. Aproni yake ilikuwa imekatwa, kipande hakipo. Saa 8:55 askari mwingine anakiokota Goulston Street, kimelowa damu, mlangoni mwa nyumba za kupanga. Weka kidole Mitre Square, ukipeleke Goulston Street: unakwenda mashariki, unarudi Whitechapel. Huko polisi walishajaa kwa ajili ya Elizabeth, na muuaji akarudi hukohuko.

Najua utasema kilitupwa kutoka kwenye gari la farasi la wakubwa. Lakini mwenye gari na ikulu upande wa magharibi ana shida gani ya kuwafuata polisi na kitambaa chenye damu mkononi? Huyu alikuwa anarudi kulala. Alikuwa jirani yao, Salma. Pengine alinunua mkate duka moja na Catherine, pengine walipishana mlangoni asubuhi. Hilo linanitisha kuliko njama yoyote ya ikulu, na linaniuma pia, kwa sababu kila tunapomtafuta mtu maarufu tunaacha kuitazama mitaa ile, na wale wanawake waliokosa hata senti ya kitanda kwa usiku mmoja.

Usiniletee mwingine kabla hujanijibu hilo la aproni. Ramani nimeikunja humu ndani. Mlango wa Goulston Street nimeutia msalaba mwekundu. Wino umevuja kidogo upande wa pili, usidhani ni alama nyingine.

Nisalimie mama na wadogo.

Wako,
Mwanahamisi