Jiko la nje: tuulize kwanza moshi utapita wapi na nani atabeba sufuria

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jiko la nje, kwa kuwa ni uamuzi ambao wengi wetu huufanya kwa haraka, mara nyingi siku ambayo fundi mwashi bado yuko uani na matofali ya kazi nyingine yamebaki. Nimejenga jiko la namna hiyo nyumbani kwangu, nikalibomoa nusu, na sasa ninajiandaa kulijenga upya. Mengi ya haya ninayoyaandika nimeyajua kwa kukosea, na ningependa mwenye nia ya kujenga ayasome kabla hajachimba msingi.

Watu huanza kwa kuuliza gharama, kisha huuliza kama waezeke kwa bati au kwa vigae. Maswali hayo ni ya haki, lakini yanapaswa kusubiri swali jingine: tunapotoka nje, tunakimbia nini? Anayekimbia moshi wa kuni au makaa ana sababu nzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walipoteza maisha kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ndani ya moshi huo mna chembe zenye kipenyo kisichozidi mikroni 2.5, ndogo kiasi kwamba pua na koo haziwezi kuzizuia, nazo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mtu anayepikia kuni katika chumba kisichopitisha hewa hahitaji kushawishiwa na barua yangu. Atoke nje mapema awezavyo. Lakini anayepikia umeme au gesi ndani, na kinachomkera ni mvuke na harufu tu, ningemsihi atazame kwanza dirisha lake. Dirisha la pili upande unaokabili lile la kwanza, au feni inayoitoa hewa nje kabisa badala ya kuizungusha humo humo, huenda likamaliza shida yote bila saruji wala mabati.

Kwetu tulikuwa tukipikia makaa, kwa hiyo sababu tulikuwa nayo. Tulisimamisha nguzo nne na paa, na kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda vizuri mno. Kisha mvua ikaja ikiwa imeinama, ikaulowesha moto, tukajenga ukuta upande huo. Upepo ukaanza kutupa majivu kutoka upande wa pili, tukajenga ukuta mwingine. Baadaye tukaona vyombo haviwezi kulala nje, tukaziba upande wa tatu na kutia mlango upande wa nne. Hatukukaa hata siku moja tukakubaliana kujenga chumba, ila chumba kilipatikana, kidogo kuliko jiko tulilolikimbia na chenye hewa nzito kuliko lile.

Jioni moja mwenzangu alitoka humo akakaa kwenye ngazi, akasema kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka. Tulidhani ni uchovu. Nilipoingia na tochi na kuimulika juu, nililiona bati lote limekuwa jeusi, masizi yameganda juu yake kama lami, na pale mvuke ulipokutana na ubaridi wa bati matone yalikuwa yakijikusanya, yakivuta weusi ule na kudondoka moja moja juu ya mfuniko wa sufuria. Moshi wenyewe ulikuwa umekwisha. Makaa yalikuwa mekundu, safi kwa macho. Hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana makaa yaliyoshika vizuri yanaendelea kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu na kuinyima nafasi ya kubeba oksijeni. Kuumwa kichwa na kichefuchefu ni miongoni mwa dalili zake za mwanzo. Kesho yake asubuhi nilianza kuubomoa ukuta kwa mikono yangu.

Kwa hiyo, Mhariri, mimi naamini jiko la nje ni la nje pale tu upepo unapoingia upande mmoja na kutokea mwingine. Pande mbili zinazokabiliana zibaki wazi, au kuta zote ziishie kiunoni na paa liinuliwe juu yake. Mvua inayoinama izuiwe kwa kurefusha paa, si kwa kuongeza ukuta. Anayeweka bomba la moshi alipitishe juu ya kilele cha paa, kwa sababu bomba linaloishia chini ya kilele hurudishiwa moshi wake na upepo unaoporomoka kutoka juu. Pia, kabla ya kuchagua mahali, awashe moto mdogo hapo asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, autazame moshi unakoelekea. Upepo wa mchana na wa usiku mara nyingi si mmoja, na moshi unaoliacha dirisha lako la chumba cha kulala unaweza kuwa unaingia kwenye la jirani.

Wanaopikia gesi ya mtungi wana jambo lao la pekee. Gesi hiyo, ambayo ni propani na butani, ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipandi bali hutambaa sakafuni na kutuama mahali palipo chini. Kuta fupi nilizozisifu hapo juu zinaweza kuigeuza sakafu kuwa beseni la gesi ikiwa hazikuachiwa matundu chini kabisa. Mtungi usimame wima, mbali na moto na mbali na mtaro, mpira wake usipite nyuma ya moto, na viungo vipimwe kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Kuna jingine ambalo wauzaji hawalitaji sana: upepo wa nje huzima moto huku gesi ikiendelea kutoka. Jiko la gesi la kutumia nje liwe na kifaa kinachoifunga gesi chenyewe moto unapozimika.

Sasa nije kwenye umbali, jambo ambalo mimi niliamua peke yangu ilhali si mimi ninayepika siku nyingi. Nililipeleka jiko mwisho wa uwanja kwa sababu palipendeza kwa macho. Baada ya kuubomoa ukuta, mwenzangu alibandika karatasi kwenye mlango wa nyuma, akaweka mstari kila mtu alipovuka kwenda jikoni au kurudi. Mlo mmoja wa jioni ulitupatia mistari 23. Karibu nusu ya safari hizo zilikuwa za vitu vidogo, yaani kijiko, kitambaa, kisu au kikombe cha maji, na zile zilizobaki zilikuwa nzito: ndoo ya maji kwenda, sufuria ya moto kurudi, na kati yake kizingiti kilichoinuka, giza, na mtoto anayekuja mbio kutoka upande mwingine. Yule anayebeba sufuria iliyojaa haoni miguu yake. Kizingiti hicho nilikuwa nimekivuka mara nyingi nikiwa mikono mitupu, wala sikuwahi kukifikiria.

Tangu hapo nimekuwa nikimwambia kila anayeniuliza asijenge kwanza. Abebe jiko la kuhamishika, meza na turubai, apike mahali hapo msimu mzima wa mvua, na huko kwenye baridi kali apike hapo pia miezi ya baridi. Kama baada ya wiki chache watu wa nyumbani wamerudi kupikia ndani bila kuambiwa, jibu limepatikana, na halijagharimu zaidi ya turubai. Kama wameendelea kutoka nje, basi meza ile itakuwa imekwisha kuhamahama hadi ikapata mahali pake, mara nyingi karibu na mlango kuliko mtu alivyotarajia. Mafundi hupima nguvu ya zege siku ya 28. Likishakomaa hapo, kulihamisha ni kulivunja.

Mengine ni madogo, ingawa yakisahaulika huumiza. Sakafu iteremke sentimita moja au mbili kwa kila mita kuelekea mtaroni, la sivyo maji yatalala miguuni. Urefu wa meza ya kupikia upimwe kwa kiwiko cha anayepika, na meza iwe chini ya kiwiko hicho kwa sentimita 10 hadi 15, badala ya kumwachia fundi aukadirie kwa kimo chake mwenyewe. Taa na soketi zifungwe na fundi umeme, zile zinazostahimili maji, nyuma ya kifaa kinachokata umeme unapovuja kiasi cha miliampea 30. Mbao za kenchi zisikae juu ya moto moja kwa moja. Sheria za ujenzi na ruhusa ya mamlaka ya eneo zinatofautiana, kwa hiyo kila mtu aulizie kwake kabla ya kununua tofali la kwanza.

Kwa wale wanaoishi na mzee ambaye magoti yake hayamruhusu kushuka ngazi, au wanaopika usiku sana baada ya kazi, nasema bila kusita kwamba jiko la ndani lililotengenezewa hewa ni bora kuliko jiko zuri la nje. Nimeona jiko la nje lenye kaunta ya mawe yaliyosuguliwa likigeuka ghala la baiskeli, kwa sababu mwenye kupika hakuulizwa.

Kwetu, meza imesogea mara tatu tangu tulipoanza kujaribu. Sasa iko hatua sita kutoka mlango wa nyuma, chini ya turubai, na kizingiti tumekichonga kikawa mteremko. Karatasi bado iko mlangoni. Mistari ya juzi ilikuwa 14. Fundi nimemwambia arudi mvua zitakapokwisha, na mahali pa kuchimba msingi ataonyeshwa na mwenzangu.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi