Barua kwa Mjomba: Watu 80 wa Nini?

Vienna, Austria

Kwako Mjomba mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta wewe, Mkaza Mjomba na watoto mu wazima wa afya. Mimi huku sijambo, ila baridi imekwisha kuingia.

Swali uliloniuliza kwenye simu, kwamba orkestra ya huku inahitaji watu 80 wa nini ilhali nyinyi mnakesha harusini kwa fidla chache, udi, ganuni na ngoma, linastahili jibu refu kuliko lile nililokupa.

Orkestra haikuanza na umati. Mtunzi wa muziki Haydn alipoajiriwa na ukoo wa kitajiri wa Esterházy mwaka 1761, kusini-mashariki ya mji huu, wapigaji aliokuwa nao walikuwa kama 15 tu, nao walihesabiwa miongoni mwa watumishi wa nyumba. Inasimuliwa kwamba mwaka 1772, bwana wao alipochelewa kuwaruhusu kuondoka kwenye kasri la kiangazi na kurudi kwa wake zao, Haydn alitunga simfonia, yaani utungo mrefu wa orkestra, ambayo mwishoni kila mpigaji humaliza sehemu yake, akazima mshumaa wake na kutoka, mpaka wakabaki wapiga fidla wawili. Bwana akaelewa, na kesho yake watu wakafunga mizigo. Sijapata kusikia madai ya wafanyakazi yaliyowasilishwa kwa adabu kuliko hayo.

Kilichoikuza orkestra, kwa maoni yangu, ni tikiti. Haydn alipokwenda London katika miaka ya 1790 alikuta watu wa mjini wanaolipa kiingilio kwa pesa zao, na kufikia mwaka 1795 simfonia zake zilipigwa na watu wapatao 60. Wasikilizaji wakiongezeka ukumbi hupanuliwa, na ukumbi ukipanuka fidla mbili hazifiki nyuma. Tena sauti haijumlishwi kama fedha: fidla kumi zikipiga pamoja, sikio huzisikia kama zimezidi fidla moja mara mbili hivi, wala si mara kumi. Ndiyo maana fidla hupangwa kwa makumi. Faida nyingine ni kwamba wapigaji hawalingani kabisa, na tofauti zao ndogondogo huyeyuka zikawa sauti moja nene ambayo mpigaji mmoja, hata awe hodari vipi, hawezi kuitoa.

Vyombo vya kupuliza navyo viliongezeka. Tarehe 22 Desemba 1808, katika jumba la Theater an der Wien ambalo lipo hadi leo, mtunzi Beethoven aliitoa kwa mara ya kwanza Simfonia yake ya Tano, na sehemu ya mwisho akaingiza trumboni tatu (baragumu za bomba la kuvuta), filimbi ndogo kali na fagoti kubwa ya sauti nzito. Usiku huo watu walikaa kwa muda wa saa nne kwenye baridi wakimsikiliza. Wapiga baragumu wa zama hizo walikuwa na kazi ngumu, kwa sababu baragumu ilikuwa bomba tupu lisilotoa sauti zote, na mpigaji alipotaka kubadili ufunguo, yaani ngazi ya sauti za wimbo, ilimbidi achomoe kipande cha bomba na kuchomeka kingine. Mwaka 1818 mafundi wawili, Stölzel na Blühmel, walipewa hataza mjini Berlin kwa ajili ya vali, yaani vibonyezo vinavyobadili urefu wa bomba, na polepole baragumu ikaweza kuimba wimbo wote. Nikisimama nyuma kwenye ukumbi wa Musikverein, mahali pa tikiti za bei rahisi, huwaona wapigaji wakichomoa mabomba na kukung'uta maji ya pumzi zao sakafuni huku fidla zikiendelea, na hakuna anayeona ajabu.

Kundi lilipokua hivyo, mpiga fidla wa kwanza hakuweza tena kuliongoza kwa kutikisa kichwa. Mtunzi Mendelssohn, aliyeshika uongozi wa orkestra ya Gewandhaus mjini Leipzig mwaka 1835, ni miongoni mwa walioizoesha dunia kumwona mtu amesimama mbele na kijiti mkononi asipige chombo chochote. Hata hivyo orkestra ya hapa iitwayo Vienna Philharmonic, iliyoanzishwa mwaka 1842, hujitawala yenyewe kwa kura za wapigaji, na kiongozi huja kwa mwaliko tu. Hilo ungelipenda. Lakini ni hao hao waliokataa kuwapokea wanawake kuwa wanachama hadi mwaka 1997, na kwa hilo siwatetei.

Kilele cha ukubwa nadhani kilifikiwa Munich mwaka 1910, pale mtunzi Mahler alipoitoa Simfonia yake ya Nane kwa waimbaji na wapigaji waliozidi 1,000. Vita Vikuu vya Kwanza vikaja, fedha na watu vikaadimika, na mwaka 1918 mtunzi Stravinsky akatoa hadithi ya muziki kwa wapigaji saba tu. Kuanzia mwaka 1953, hapa hapa Vienna, mwanamuziki Harnoncourt na wenzake wakaanza kurudia vyombo vya kale na makundi madogo, baada ya wengi kuamini kwamba kikubwa ndicho kilichokamilika.

Kwa hiyo, Mjomba, unapowalaumu vijana kwamba wameiua fidla kwa kinanda cha umeme, nakuomba uwalaumu pia wenye harusi. Kinanda kimoja ni ujira wa mtu mmoja. Safu ya fidla ni ujira wa watu sita, na anayelipa ndiye anayeamua.

Nyuzi ulizoagiza nimezipata. Zamani zilikuwa za utumbo wa kondoo, hizi ni za chuma, zitastahimili unyevunyevu wa Unguja. Nimempa jirani anayesafiri mwezi ujao. Naomba mtoto mmoja aende kumpokea bandarini, kwa kuwa atavuka kwa boti kutoka Dar es Salaam. Nisalimie wote.

Mimi mpwao,
Zuhura