Mdhamini wa maombi ya shule ya biashara ni aliyekuona kazini, si mwenye cheo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linaloonekana dogo hadi siku mtu anapolihitaji, nalo ni namna vijana wetu wa Mtwara na Lindi wanavyochagua wadhamini wa kuwaandikia barua za mapendekezo wanapoomba kusoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile tuliyozoea kuiita MBA, hasa katika vyuo vya nje. Nimekuwa msimamizi wa maghala ya korosho kwa muda mrefu, na kila mwaka hawakosi vijana wawili watatu, wengine niliofanya nao kazi na wengine wasionijua kabisa, wanaokuja kuniomba ama barua ama ushauri kuhusu nani awaandikie. Wengi huja wakiwa wamekwisha kuamua. Orodha huanza na mbunge, akafuata mkuu wa wilaya aliyestaafu, na mwisho likawekwa jina la mhadhiri aliyewafundisha mwaka wa kwanza pamoja na wanafunzi wengine mia tatu, kwa sababu tu sasa ameitwa profesa.

Naelewa mazoea haya yametoka wapi. Ukitaka kufungua akaunti benki unaweza kuambiwa ulete barua ya serikali ya mtaa, ukitafuta nafasi ya mafunzo kazini unabeba barua ya chuo, na mahali pengi karatasi yenye nembo na mhuri ndiyo inayokufanya usikilizwe. Mtu aliyekulia katika utaratibu huo hawezi kulaumiwa akidhani kwamba kadiri mhuri unavyotoka ofisi ya juu ndivyo barua inavyokuwa na nguvu. Tatizo ni kwamba shule za biashara zimeweka maswali ambayo mwenye cheo, kwa nia njema yote aliyonayo, hana namna ya kuyajibu.

Tuyaangalie maswali yenyewe. Harvard hutaka wadhamini wawili. Stanford nayo hutaka wawili, na inaeleza wazi kwamba mmoja awe msimamizi wa mwombaji wa moja kwa moja katika kazi anayoifanya sasa, au ikishindikana awe mtu anayemkaribia huyo, na wa pili naye awe amewahi kumsimamia. Baraza linaloendesha GMAT, mtihani wanaoufanya waombaji wa shule za biashara, limetayarisha fomu ya pamoja ambayo shule nyingi huitumia, ili mdhamini asilazimike kutunga barua mpya kwa kila shule. Katika fomu hiyo mdhamini huombwa kwanza aeleze kwa maneno yapatayo 50 tu namna anavyohusiana na mwombaji. Kisha anaulizwa, kwa nafasi ya maneno kama 500, utendaji wa mwombaji ukoje ukilinganishwa na wa watu wengine wenye uwezo waliowahi kushika kazi kama yake, na atoe mifano. Halafu, kwa nafasi kama hiyo, aeleze ni ushauri gani mzito wa kumrekebisha aliowahi kumpa mwombaji, ulitolewa katika mazingira gani, na mwombaji aliupokeaje.

Sasa Mhariri, mpe mbunge maswali hayo. Atamlinganisha kijana na nani? Alimrekebisha lini? Niliwahi kuonyeshwa barua ya namna hiyo na kijana aliyeibeba ndani ya bahasha ya plastiki kana kwamba ni hati ya kiwanja. Ilikuwa na namba ya kumbukumbu, mhuri uliopigwa mara mbili, na aya moja iliyosema kwamba mhusika anafahamika tangu utotoni, ni mwadilifu, mtiifu, mchapakazi, na anatoka katika familia inayomcha Mungu. Huenda kila neno lilikuwa kweli. Lakini ukilifuta jina lake ukaandika la ndugu yake, barua ile isingebadilika hata nukta, na hapo ndipo anayepitia maombi anapoiweka pembeni na kuchukua ya mwombaji mwingine.

Nieleze kile ambacho msimamizi wa kawaida, asiyejulikana na yeyote zaidi ya wenye malori, anaweza kukiandika. Msimu mmoja nilikuwa na karani wa mapokezi, binti wa Newala mwenye shahada ya uhasibu. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza kudondoka, lilifika lori lililofunikwa turubai lililochanika, na kipimo kikaonyesha kwamba magunia ya upande wa nyuma yana unyevu uliozidi kiwango. Dereva alitaka ashushe mzigo aondoke, katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, iliyoleta korosho hizo alikuwa akipiga simu kwa kila anayemfahamu, na foleni ya malori ilikuwa imefika barabarani. Binti yule alikataa kupokea shehena nzima, lakini hakulirudisha lori. Aliyatenga magunia makavu akayapima na kuyapokea kwa stakabadhi yake, na yale yenye unyevu akaagiza yaanikwe uwanjani asubuhi kisha yapimwe upya, huku katibu akitia saini kila hatua ili wakulima wasije wakaambiwa kwamba mzigo wao umepotelea ghalani. Kesho yake nilimwita nikamwambia kwamba uamuzi ulikuwa sahihi, ila alimjibu katibu, mtu wa umri wa baba yake, kwa ukali mbele ya makuli, na kwamba mtu huyo angerudi na mizigo mingine msimu mzima. Hakubishana nami. Msimu uliofuata, kabla minada haijaanza, aliomba ruhusa ya kuzungukia vyama vya msingi kueleza viwango vya unyevu na uchafu, na ugomvi wa getini ukapungua sana.

Alipokuja kuomba nimwandikie, majibu ya maswali yote mawili nilikuwa nayo, na sikuhitaji kutumia neno mchapakazi hata mara moja.

Hapa ndipo wasimamizi wenzangu wengi tunapokwama, na nadhani kasoro yetu ni kubwa kuliko ya vijana. Swali lile la ushauri wa kurekebisha hutushtua. Tumelelewa kwamba ukimwombea mtu heri hutaji doa lake, kwa hiyo mdhamini hujibu kwamba hajawahi kuona kasoro yoyote, akiamini kwamba amemsaidia. Kwa msomaji wa upande wa pili jibu hilo lina maana mbili tu: ama mdhamini hamjui vya kutosha mtu anayemwandikia, ama anaficha jambo. Anayetaka kumsaidia kijana kweli ataje kosa la kweli, la kiasi chake, kisha aeleze kwa upana zaidi lilivyorekebishwa.

Kuna tabia nyingine ambayo siwezi kuipita kimya, ya bosi kumwambia mwombaji aandike barua mwenyewe, yeye aje atie saini. Inafanyika kila mahali, na wanaoifanya huiona kama hisani, kwa maelezo kwamba wana kazi nyingi au kwamba Kiingereza chao si cha kuandikia chuo kikuu. Stanford inasema bayana kwamba mwombaji haruhusiwi kujitungia barua wala kuitolea rasimu, hata kama ameombwa afanye hivyo na mdhamini mwenyewe. Tukiacha kanuni, barua za namna hiyo hujisaliti, kwa kuwa zinafanana na insha za mwombaji kwa msamiati, kwa urefu wa sentensi, na mara nyingine hata kwa makosa ya nukta na mkato. Na kuhusu Kiingereza, ningependa kusoma sentensi kumi nyepesi za msimamizi aliyekuwapo kuliko kurasa mbili za ufasaha wa asiyekuwapo. Kinachoruhusiwa, na ambacho kila mwombaji anapaswa kukifanya, ni kukaa na mdhamini wake kwa saa moja, amkumbushe kazi walizofanya pamoja, amweleze kwa nini anakwenda kusoma, ampe na wasifu wake, kisha aondoke amwache aandike.

Wako wasioweza kumwambia bosi wao wa sasa, na hofu yao si ya kupuuzwa, kwani mahali pengine ukisema tu kwamba unaomba shule unaanza kupangiwa kazi za kukuchosha. Hao wamwendee msimamizi wa kazi iliyotangulia, au kiongozi wa mradi waliofanya naye kazi kwa karibu, na waeleze sababu katika sehemu ya maelezo ya ziada ya fomu, kwa sentensi mbili zisizo na lawama. Wanaofanya kazi katika biashara ya familia, na hapa Mtwara mjini, Masasi na Lindi wako wengi, wasimweke baba wala mjomba hata kama ndiye mkurugenzi na hata kama majina ya ukoo hayafanani. Mteja mkubwa aliyeuziana nao kwa misimu kadhaa, afisa mikopo aliyekagua vitabu vyao, au msambazaji anayewakopesha mali anafaa zaidi. Kwa aliyeendesha AMCOS, yupo mwenyekiti wa bodi aliyempa maagizo na kumhoji mbele ya wanachama.

Nisieleweke vibaya kuhusu wahadhiri. Anayeomba shahada ya utafiti anamhitaji hasa yule aliyesimamia tasnifu yake, na vyuo vyetu vingi vya hapa nchini bado hutaka majina ya waliomfundisha mwombaji, kwa hiyo fomu isomwe kwanza kabla ya kumwendea mtu.

Suala la muda ndilo linalowaumiza watu wa huku kuliko wa Dar es Salaam. Shule kubwa za Marekani hupokea maombi kwa awamu, ya kwanza ikifungwa kwa kawaida mwezi wa Septemba na ya pili mwanzoni mwa Januari. Minada ya korosho huanza mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi mwisho wa mwaka au kuuvuka. Kijana anayelenga Januari, akamtumia meneja wa ghala, afisa ushirika au mtu wa bandari kiungo cha fomu katikati ya Desemba, anamwomba mtu ambaye siku hizo halali. Ndipo zinapopatikana zile barua za aya moja. Mdhamini aombwe mwezi wa saba au wa nane, kabla msimu wa minada haujaanza, na akumbushwe kwa adabu wiki chache kabla ya tarehe ya mwisho. Akumbushwe pia kuangalia upande wa barua pepe taka, kwa sababu kiungo hutumwa na mfumo wa chuo na mara nyingi huishia huko.

Mwisho nina ombi kwa waajiri wa mikoa yetu miwili, wa serikali na wa kampuni binafsi. Maombi haya yakifika, ofisi nyingi huyapeleka masijala, yakapewa namba, yakasubiri mkuu arudi safari, na yakajibiwa na ofisi ya utumishi kwa barua ya mfano inayothibitisha tarehe ya kuajiriwa na mshahara. Fomu ya shule ya biashara hutumwa kwa mtu mmoja kwa jina lake, naye ndiye anayetakiwa kuijaza mwenyewe. Meneja rasilimali watu anaweza kutoa waraka mfupi unaomruhusu msimamizi wa kitengo kuandika kuhusu mtumishi aliye chini yake kwa kutumia barua pepe ya kazi, bila kusubiri kibali cha ngazi tatu, mradi asitoe siri za ofisi. Waraka huo ukitoka kabla ya Julai, utawafaa wanaoomba awamu ya Septemba mwaka huuhuu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msimamizi wa maghala,
Mtwara